Uso Mkavu wa Loisi

Siku ambayo mahari ya Ruthu ilikuwa ifike, mama yake aliamka kabla ya majogoo, akafagia uwanja mara mbili, akachuja togwa, kisha akanawa uso kwa sabuni ya misheni mpaka ngozi ikamvuta. Sabuni ile ilikuwa kali, jamani, hata sufuria ingelalamika. Loisi akajifuta kwa pindo la merikani yake, akajitazama ndani ya bakuli la maji, akaona uso safi wa mwanamke aliyebatizwa. Akaridhika. Mtu angemwambia kwamba uso ule ungefukuza ng'ombe kumi na wawili kabla ya jua la mchana, angemcheka mpaka mbavu zimuume.

Ng'ombe walikuwa wanatoka upande wa Chamwino, mwendo wa nusu siku mpaka hapo Chilonje. Mwenye ng'ombe ni mzee Matonya, na mwanawe Sila ndiye aliyemtaka Ruthu. Sila alisoma herufi zake hapo hapo misheni ya Chilonje, na ndipo alipomwona binti. Sasa alikuwa mtu wa reli. Ulikuwa mwaka wa pili tangu gari moshi lifike Dodoma, na Wadachi walikuwa wamekwisha kuipitisha reli yao Tabora, wanaipeleka mbele zaidi. Sila alipewa ruhusa ya siku kumi tu aje kuoa. Padri Mzungu naye angepita Jumatatu kufungisha ndoa, na Jumatano Sila alitakiwa awe ndani ya gari moshi pamoja na mkewe. Kila kitu kilikuwa kimepangika, bado ng'ombe tu kuingia zizini.

Basi vumbi likaonekana, zikasikika njuga, watoto wakaanza kupiga kelele. Mbele ya wote alitangulia Nyemo, shangazi wa Sila, mama wa makamo mwenye kifua kipana, anang'aa wekundu kutoka nywele hadi vidole vya miguu kwa samli na ngeu, ule udongo mwekundu unaosagwa laini kama unga. Nyuma yake wanawake kumi, wekundu vilevile, wanaimba. Kwa desturi, shangazi ndiye wa kwanza kumwamkia mama wa binti. Loisi akatoka mlangoni mwa nyumba yao ya tembe, mikono ameikunjua, tabasamu mpaka masikioni.

Nyemo akasimama kama aliyepigwa ngumi. Macho yakamtoka pima.

"Uwiii!" akalia, mikono kichwani. "Amekufa nani?"

Kabla Loisi hajafungua kinywa, wanawake kumi walikuwa wamekwisha kuketi chini vumbini wakilia kilio cha haki, machozi yanachora mistari katika ngeu. Wanaume wakachomeka fimbo zao ardhini. Mzee Matonya, mtu asiyependa kuuliza maswali mbele ya msiba, akavua kilemba chake, akapiga mluzi, na ng'ombe kumi na wawili wakageuza pembe kuelekea walikotoka.

"Hakuna aliyekufa!" Loisi akapiga ukelele. "Jamani, subirini! Sote wazima!"

Akawakimbilia. Kosa juu ya kosa! Mwanamke mwenye uso mkavu, anakimbia, anapiga ukelele, merikani inamvuka: kwa watu wa Chamwino huyo ni mfiwa aliyechanganyikiwa. Kadiri alivyosema hakuna msiba ndivyo walivyozidi kumlilia. Mmoja akamkumbatia, akamwambia, "Lia, mama, lia, usijikaze." Kisha wakaenda zao, na vumbi likatua juu ya uwanja uliofagiliwa mara mbili.

Msiwacheke watu wa Matonya. Katika kaya zao, mwanamke ambaye nyumba yake ina amani hujipaka mafuta na ngeu kila kunapokucha. Kifo kikiingia, anaacha. Hatangazi kwa mdomo wala hapigi mbiu, uso wake mkavu ndio habari yenyewe. Akionekana kisimani hivyo, watu wanaweka ndoo chini na kumfuata nyumbani kwake na unga na kuni. Zikipita siku za msiba, mama mmoja wa makamo anammiminia mafuta mbele ya watu, ndipo maisha yanaendelea. Na ng'ombe wa furaha hawaingii penye uso mkavu, kwa sababu huko ni kuita kifo cha pili. Kwamba wabatizwa hawanywi pombe, watu wa Matonya walikuwa wamesikia. Hili la mafuta hakuna aliyewaambia, na Loisi, aliyelelewa hivyohivyo, alikuwa ameuzoea uso mkavu hata asilikumbuke. Mtu pekee ambaye angeweza kuwaambia ni Sila, na bwana arusi haongozani na mahari yake.

Usiku Sila alifika mbio, jasho linamtiririka, akawaamkia wakwe zake, akaketi juu ya gogo.

"Nimemweleza baba," akasema. "Sasa anajua hakuna aliyekufa."

"Basi kesho alete ng'ombe," akasema Nikodemo, mume wa Loisi, mtu mpole ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema lolote ila kuguna.

"Hataki, baba. Anasema ng'ombe wakishageuzwa kwa ajili ya msiba hawarudi mpaka mama mwenye nyumba apakwe mafuta na ngeu mbele ya macho yao. Anasema, kama kweli hakuna msiba, kitu gani kinamzuia mama kupaka?" Sila akatazama chini. "Atarudi Jumamosi. Mama asipopakwa, ng'ombe wataenda kwa mzee mmoja jirani yetu. Ana mabinti wawili."

Ndani ya tembe kikasikika kishindo. Ruthu alikuwa ameangusha chungu.

 Loisi alishika tama, akakitazama kiganja chake. Maana kilichomzuia yeye alikijua, na kilikuwa kizito.

Pale Chilonje palikuwa na sheria, na sheria hiyo ilisomwa kila mwanzo wa mwezi na Mwalimu Bartolomayo, Mgogo mwenzao, aliyefundishwa na Wazungu akawa mkali kuwashinda. Mwanamke aliyebatizwa akipaka udongo mwekundu, anaondoka mabenchi ya mbele, anakaa nyuma kabisa pamoja na wasiobatizwa, miezi sita, wala haikaribii meza ya Bwana. Loisi alikuwa na nafasi yake benchi la mbele, karibu na dirisha, upepo unampiga vizuri. Alikuwa mwanamke wa kwanza Chilonje kuvunja kibuyu chake cha ngeu. Alikivunja kwa jiwe mbele ya watu wote, na tangu siku hiyo alitembea amenyoosha shingo. Aliipenda nafasi ile, mwacheni. Alijitafutia mwenyewe.

Na si kwamba alijinyima ngeu peke yake. Aliwanyima wengine pia. Mwezi uliopita tu alimkamata Ruthu nyuma ya ghala, kioo kidogo mkononi, anajitia wanja. Loisi alikipiga kichupa cha wanja kikarukia kwenye mavi ya mbuzi. "Unataka watu waseme nimezaa mwanamke wa kambi ya reli?" alifoka. Kwa siku mbili Ruthu alipika mlenda bila chumvi.

Asubuhi yake Loisi akajitanda vizuri, akaenda kwa Mwalimu. Alimkuta Bartolomayo nje ya nyumba yake, kanzu nyeupe imeanikwa kambani, yeye amejifunga msuli, anachonga mpini wa jembe. Kanzu hiyo ilikuwa moja tu, na mkewe Dorkasi aliifua kila siku ya tatu.

"Mbukwa, Mwalimu."

"Mbukwa, Mama Ruthu. Nimesikia habari za ng'ombe. Pole."

"Nimekuja kuomba ruhusa ya siku moja," Loisi akasema bila kuzunguka. "Nipakwe Jumamosi. Jumapili asubuhi nitanawa."

Bartolomayo akaweka jembe chini. "Unajua siwezi. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza. Nikikuachia wewe kwa ajili ya arusi, kesho atakuja mwingine kwa ajili ya mavuno, kesho kutwa kwa ajili ya ngoma. Nitasema nini?"

"Utasema mwanangu alitaka kuolewa."

"Mama Ruthu, uso ulioumbwa na Mungu unatosha. Tukiupaka, tunajifanya tusivyo. Ni uongo wa ngozi."

Hapo Loisi akaja juu. Alikuwa ameingia pale kwa unyenyekevu wote aliokuwa nao, na haukuwa mwingi.

"Uongo? Uongo ndio huu wangu!" akasema, akijipiga shavu kwa kiganja. "Kila mtu wa nchi hii akiniona anasoma hapa kwamba nimefiwa. Kila siku natembea nikitangaza kifo ambacho hakipo. Jana nimewaliza watu kumi bure, Mwalimu! Wamelia kwa machozi ya kweli kwa sababu ya uso wangu. Sasa niambie, mwongo ni nani, aliyepaka au mimi?"

Bartolomayo akaigeukia kanzu yake kambani.

"Na mwaka jana," Loisi akaendelea, na sauti yake ikaanza kumtoroka, "mwaka jana wakati wa kuvuna uwele, mama yangu alikufa."

"Mama yako?" Mwalimu akashtuka. "Yule bibi wa Kilimatinde?"

"Huyo huyo. Msafiri mmoja alipita akaniambia, akaenda zake. Nikaketi mlangoni. Nikakaa siku tatu pale mlangoni, Mwalimu, na watu wanapita. 'Mbukwa, Mama Ruthu!' 'Mbukwa.' Mmoja alikuja kuazima ungo. Mkeo alikuja kuniuliza kama nina mbegu za maboga, nikaingia ndani nikampa. Hakuna aliyejua. Wangejuaje? Uso wangu ulikuwa mkavu jana yake, na juzi yake, na mwaka mzima kabla yake."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ni mtu wa hapa. Lini ulimsikia mwanamke wa kwetu akijitangazia msiba wake kwa mdomo? Ningegonga mlango kwa mlango, 'Hodi, nimefiwa, nileteeni unga'?" Akajifuta pua kwa kiganja. "Baba Ruthu peke yake alijua, hata Ruthu sikumwambia. Tukaomba wawili, basi. Mama yangu alizaa watoto saba, akapokea wajukuu wa kijiji kizima, na msiba wake Chilonje ulikuwa na watu wawili na mbwa."

 Kanzu ilipigwapigwa na upepo kwenye kamba. Bartolomayo aliokota jembe, akalitazama kama aliyesahau ni la kazi gani.

"Sheria sikuiandika mimi," akasema mwishowe, taratibu. "Siwezi kukupa ruhusa."

"Basi nitapakwa bila ruhusa," Loisi akasema. "Nitakaa nyuma miezi sita. Benchi ni benchi." Akaondoka kwa hatua ndefu. Alipofika penye kona ya ukuta, mahali ambapo haonekani, akalia kidogo, maana benchi si benchi, na alijua. Kisha akapiga moyo konde, akaenda zake kutafuta ngeu.

Ngeu nzuri ilikuwa kwa Zaitun, mfanyabiashara wa Kirangi kutoka Kondoa, aliyeweka kibanda chake cha boriti mbili karibu na kisima cha njiapanda. Zaitun aliuza chumvi, sindano, hina, wanja na ngeu ya milimani, iliyosagwa ikasagika. Mwenyewe alikuwa amejifunga kanga mbili, macho ameyatia wanja mweusi tii. Alipomwona Loisi anashika kifuko cha ngeu akacheka mpaka akakaa.

"Loo! Mama wa misheni! Leo jua limetokea wapi?"

"Niuzie, usiniulize."

"Nakuuzia. Lakini nyie watu wa hapa mnanichekesha." Zaitun akapima kwa kifuu. "Wenzako wakijipaka ngeu, mnasema hawamjui Mungu. Mimi nikitia wanja, wale wa ngeu wanasema najitafutia wanaume. Wanaume gani, na mume wangu Mbwana ananisubiri nyumbani? Kwetu mwanamke akitoka bila wanja, mumewe anaulizwa amemfanyia nini. Shangazi zangu wangenirudisha ndani kwa bakora."

Loisi akatabasamu bila kutaka. Alikuwa hajawahi kufikiri kwamba macho yale ya Zaitun nayo yalikuwa na shangazi nyuma yake. Aliyadhani yake mwenyewe, ya kiburi. Akalipa, akafunga ngeu kwenye pindo. Hatua tatu, akarudi.

"Na kichupa cha wanja," akasema, akitazama pembeni.

"Cha nani?"

"Nimesema usiniulize."

Jumamosi ikafika. Uwanja ulifagiliwa mara moja tu, maana Loisi hakuwa na moyo wa mara mbili. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango, mgongo wima, kibuyu cha samli upande huu, bakuli la ngeu upande ule. Ruthu alikuwa amechuchumaa nyuma yake, anamshika bega.

"Mama, siyo lazima," akanong'ona binti. "Nafasi yako..."

"Nyamaza. Unamtaka Sila, humtaki?"

"Namtaka."

"Basi nyamaza."

Watu wa Matonya wakaja. Safari hii hawakuimba. Walisimama mbali, ng'ombe nyuma yao, wanaume wameegemea fimbo. Nyemo akasogea mbele peke yake, akamtazama Loisi kwa makini, uso wote, kama mtu anayetafuta sindano.

"Mkwe," akasema. "Wameniambia hapa hakuna msiba. Ndugu yangu Matonya ameamini. Mimi siamini. Nimezika watu wengi, naujua uso uliofiwa. Wako umefiwa."

Loisi akainamisha uso.  Na wakati huohuo mbwa akabweka, watu wakageuka.

Kwenye njia ya misheni walikuwa wanakuja watu wawili. Mwalimu Bartolomayo alikuwa mbele, miguu mitupu, ndani ya kanzu yake nyeupe, mzigo wa kuni begani. Nyuma yake Dorkasi, kikapu cha unga kichwani. Hawakuwa wanatembea mwendo wa kwenda arusini. Walitembea polepole, vichwa chini, kama wanavyokwenda watu wa pale penye kilio. Bartolomayo akapita katikati ya ng'ombe, akapita mbele ya Matonya bila kuamkia, akatua kuni miguuni mwa Loisi, akapiga goti moja.

"Mama Ruthu," akasema, "pole kwa kufiwa na mama. Tumechelewa. Tumechelewa mwaka mzima."

Dorkasi akatua kikapu, akajitupa kando ya kigoda. "Nilikuja kukuomba mbegu za maboga!" akasema, na hakuweza kuendelea.

Loisi alimtazama Mwalimu, akatazama kuni, akatazama unga. Kisha kile alichokaa nacho mlangoni siku tatu kikatoka. Alilia kwa sauti, kinywa wazi, kama mtoto, jina la mama yake likitoka na kurudi. Ruthu akalia. Nikodemo akatoka zizini akalia amesimama. Na wanawake kumi wa Chamwino, ambao kilio chao cha siku ile kilikuwa hakijakwisha, wakakaa chini wakamsaidia. Kilikuwa kilio kizuri, cha watu wengi. Bibi wa Kilimatinde angefurahi kukisikia.

Nyemo peke yake alikuwa amesimama, mikono kiunoni, anamtazama kaka yake.

"Si niliwaambia?" akasema. "Niliwaambia au sikuwaambia? Macho haya!"

"Ulituambia," mzee Matonya akakubali.

Walipolia wakatosheka, Nyemo akapiga makofi mawili. "Basi. Imetosha. Marehemu amelala vizuri. Nipeni mafuta."

Watu wakamtazama Mwalimu. Bartolomayo akainuka, akajipangusa goti. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria ilikuwa palepale.

"Mimi," akasema kwa sauti ya kusikika, "sijawahi kuwaona vizuri ng'ombe wa Chamwino. Hebu niwatazame." Akawapa mgongo watu wote, akawatazama ng'ombe, mmoja baada ya mwingine, kwa makini makubwa. Alitazama pembe. Alitazama kwato. Alimwuliza Matonya habari za mkia wa fahali.

Nyemo akamimina samli utosini mwa Loisi. Ilikuwa ya vuguvugu, ikashuka kwenye paji la uso, nyuma ya masikio, shingoni, na ngozi iliyovutwa na sabuni miaka miwili ikainywa kama ardhi inavyonywa mvua ya kwanza. Kisha vidole vipana vya Nyemo vikaja na ngeu, vikampaka mashavu, mabega, mikono hadi viganjani. Loisi alifumba macho. Harufu ile ilikuwa harufu ya mama yake akimbeba mgongoni. Alijisikia amerudi nyumbani kwake, na yuko mlangoni mwake.

Alipofumbua macho, wanawake walikuwa wanapiga vigelegele na ng'ombe wa kwanza ameingiza kichwa zizini. Loisi akaruka juu. Akamkumbatia Nyemo, akamkumbatia Ruthu, akamkumbatia Dorkasi, na katika furaha ile akamfuata Mwalimu aliyekuwa bado anautazama mkia wa fahali, akamshika bega kwa nguvu zote.

"Asante, Mwalimu! Asante, baba!"

Bartolomayo akageuka. Loisi akatazama mkono wake, akatazama bega. Juu ya kanzu nyeupe, kiganja kizima, vidole vitano, wekundu mtupu.

"Yesu wangu," akasema Dorkasi.

Mwenye kuijua ngeu ya Kondoa iliyochanganywa na samli hahitaji kuelezwa. Dorkasi aliifua kanzu ile Jumamosi jioni kwa sabuni ya misheni, ile kali. Akaisugua kwa limau. Akaisugua kwa mchanga wa korongo. Kiganja kikazidi kunawiri.

Jumapili kengele ilipolia, Loisi aliingia kanisani na uso wake mwekundu. Alikuwa amesema atanawa, lakini alipoamka asubuhi aliona hana sababu. Alipita nafasi yake ya dirishani bila kuitazama, akaenda moja kwa moja nyuma kabisa, benchi la ukutani penye joto, akaketi kati ya watoto na wazee wasiobatizwa. Ruthu alikaa benchi la mabinti, amevaa nguo nyeupe, na macho yake yalikuwa makubwa na meusi tii kwa wanja. Loisi aliyaona vizuri sana kutoka kule nyuma. Sheria ilisema udongo mwekundu. Wanja haikuutaja.

Mwalimu Bartolomayo akaingia. Kanisa zima likaanza kukohoa kikohozi cha kuzuia kicheko. Alisimama mbele na kanzu yake moja, na juu ya bega kile kiganja chekundu, vidole vitano, kama mtu aliyesukumwa na jua lenyewe. Alifungua kitabu. Alikifunga. Akatazama bega lake kwa muda mrefu.

"Ndugu zangu," akasema, "sheria mnaijua. Nimeisoma mbele yenu mara nyingi. Aliyepakwa akae nyuma."

Akakibana kitabu kwapani, akashuka, akatembea katikati ya mabenchi mpaka ukutani. Loisi akasogea kumpisha. Bartolomayo akaketi kando yake, akafungua kitabu magotini, akainua macho, akakuta visogo vya kanisa zima.

"Sasa mtanisikiaje hivyo?" akasema. "Geuzeni mabenchi."

Mabenchi yakageuzwa, yakakwaruza sakafu, watoto wakacheka bila kuzuiwa. Na yalipotulia, Loisi akajikuta amekaa mbele.